Namba 15 kwenye raga: si beki wa pembeni, na si lazima awe na mbio kuliko wenzake

Jirani yangu hapa Section 58 alinijia Jumapili moja jioni, simu mkononi. Kijana wake wa pili, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa ametumiwa ujumbe na klabu moja ya raga akaribishwe mazoezini kabla ya msimu kuanza. Mwishoni mwa ujumbe palikuwa na neno lililomtatiza mama: fulubeki.

"Mwalimu," akaniuliza, "fulubeki si ndiye beki tatu? Huyu mtoto amekuwa akicheza raga ama mpira miaka yote hii?"

(Wasomaji wa Tanzania, najua kwenu beki tatu ni dada wa kazi za nyumbani. Tuvumiliane. Hapa Nakuru bado ni mtu wa jezi namba tatu.)

Kabla sijamaliza kucheka, swali la pili likafuata. Sokoni alikuwa ameambiwa kwamba raga siku hizi ni kazi ya kulipwa kama ya Ulaya. Kwenye chama chao cha akina mama akaambiwa kinyume, kwamba mchezaji wa raga huwa amekwisha akifika miaka ishirini na mitano, na kinachobaki ni magoti mabovu. Kijana mwenyewe, aliyekuwa ameegemea mlango akijifanya hasikii, anaamini ameitwa kwa sababu ana mbio. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli, ila vipande hivyo haviungani. Nimefundisha raga shuleni miaka kadhaa, na maswali haya hunirudia kila timu zinapoanza kutafuta vijana. Nimeona niyajibu kwa maandishi mara moja.

Jina limetoka wapi

Soka na raga ni ndugu wa tumbo moja, wote wamezaliwa Uingereza. Zamani wachezaji wa nyuma waliitwa kulingana na umbali wao kutoka mbele: kulikuwa na wa nusu nyuma, wa robo tatu nyuma, na wa nyuma kabisa. Huyo wa mwisho ndiye fulubeki. Soka ilipobadilisha mipangilio yake, mabeki wa nyuma walisukumwa pembeni na jina likawafuata huko huko. Raga haikumsukuma popote. Ndiyo maana mwenye jina hilo akiwa Gor Mahia anapanda na kushuka kando ya laini, ilhali akiwa Nakuru RFC amesimama peke yake nyuma kama mtu aliyeachwa na matatu ya mwisho.

Kuna pia raga ya wachezaji 13, inayopendwa kaskazini mwa Uingereza na Australia, na huko fulubeki huvaa jezi namba 1. Ukikutana na video zake kwenye simu usichanganyikiwe. Tunayozungumzia hapa ni ya wachezaji 15, ile ya Kenya Cup, ligi kuu ya raga nchini, ile ambayo shule zetu hucheza muhula wa kwanza. Wanane wa mbele huvaa namba 1 hadi 8, nao ndio wanaosukumana kwenye skramu. Saba wa nyuma ni 9 hadi 15. Namba 10, flaihafu, ndiye anayepanga mashambulizi. Namba 11 na 14 ni mawinga. Halafu kuna 15, fulubeki mwenyewe.

Ili uelewe kwa nini anasimama nyuma hivyo, kuna sheria moja tu ya lazima kuijua. Katika raga hauruhusiwi kurusha mpira mbele kwa mikono. Pasi zote huenda nyuma au ubavuni. Basi ukitaka mpira uende mbele, unaubeba na kukimbia nao, au unaupiga teke. Sasa fikiria timu imejipanga kwa mstari mmoja mbele ya wapinzani ili kuwazuia wanaokimbia. Nani atauokota mpira uliopigwa teke ukapita juu ya vichwa vyao? Na nani atamkamata aliyepenya kwenye huo mstari? Kazi hizo mbili ndizo zilizomzaa namba 15.

Watu hupenda kumfananisha na kipa, na si vibaya kuanzia hapo. Lakini kipa analinda goli la upana wa mita 7.32, ana glavu, na sheria inampa ruhusa ya mikono ambayo wengine hawana. Uwanja wa raga hufika upana wa mita 70, na mstari wa trai, ule ambao mpinzani akiufikia na kugusisha mpira chini anapata pointi, umeenea upana wote huo. Namba 15 hana ruhusa yoyote ya ziada. Trai moja ni pointi 5, na mkwaju unaofuata, konvesheni, ukiingia ni 2 juu yake. Kosa lake moja linaweza kugharimu pointi 7 na kila aliye jukwaani ameliona.

Kazi inayofanyika kabla mpira haujafika

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi, pamoja na kijana wa jirani, hukosea.

Fikiria umeanika mahindi uani, na mawingu yanashuka kutoka upande wa Menengai. Turubai ni moja, mahindi ni mengi. Ukilivuta kulia, ya kushoto yanalowa. Sasa wakisaidiana watu watatu wanaoelewana, mmoja akivuta mwingine akilegeza, huenda mkaokoa karibu yote. Nyuma ya timu ya raga pako hivyo. Namba 15 na mawinga wawili ndio walioshika turubai. Mpinzani akiupeleka mpira upande wa kulia, winga wa upande huo anapanda kumkabili, namba 15 anasogea kuziba alipotoka, na winga wa upande wa pili anarudi nyuma kuziba pa namba 15. Mpira ukibadilishwa upande, wanabembea kurudi. Kwa dakika 80 wanabembea hivyo, na mara nyingi mpira hauji kabisa.

Shabiki humwona amesimama tu. Anachofanya ni kumsoma mpigaji. Bega limegeukia wapi? Mguu wa kukanyagia umeelekea wapi? Ameshika mpira kwa kuusimamisha ama ameulaza? Namba 15 mzuri huanza kukimbia kabla mpira haujagusa mguu wa mpinzani, na ndiyo sababu huonekana hana haraka. Yule unayemwona akikata mbio za kufa na kupona, akaruka akaudaka huku uwanja mzima ukipiga mayowe, mara nyingi alikuwa amesimama mahali pasipofaa tangu mwanzo.

Pia anaongea bila kupumzika. Dereva wa matatu anatazama barabara, lakini makanga ndiye anayeona mlango, abiria na askari wa trafiki kwa pamoja. Namba 15 ndiye makanga wa timu. Anaona wenzake wote migongo, anaona pengo kati ya namba 12 na 13 kabla wenyewe hawajaligundua, na lazima apaze sauti. Nimewahi kuwa na kijana mwenye mikono ya dhahabu lakini bubu uwanjani. Nilimhamishia winga.

Sheria zenyewe zinambana asimame mahali mahususi. Nyuma ya kila timu kuna mstari wa mita 22. Ukipigia ndani ya eneo hilo lako, unaweza kuutoa mpira nje moja kwa moja na mchezo ukaanzia pale ulipotokea. Ukiwa mbele ya mstari huo na mpira ukatoka bila kudunda uwanjani, mnarudishwa hadi usawa wa pale ulipopigia, yaani umepoteza bure. Tangu mwaka 2021 pakaongezwa jambo jipya, kwanza kwa majaribio na baadaye likawa sheria ya kudumu: ukipiga ukiwa nusu yako ya uwanja, mpira ukadunda ndani kisha ukatokea pembeni kwenye mita 22 za wapinzani, timu yako ndiyo itakayorusha kwenye lainauti, yaani pale mpira uliotoka pembeni unaporudishwa uwanjani. Hiyo ni zawadi kubwa. Kwa hiyo walinzi wa nyuma hawawezi tena kujazana mbele. Lazima mtu afunike kona zile mbili, na turubai, kama tulivyosema, ni moja.

Sisi wa huku tuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilizungumzii sana. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, na mpira uliopigwa kwa nguvu ile ile husafiri mbali zaidi. Namba 15 anayepanda kutoka Mamboleo kule Kisumu kuja kucheza kwenye uwanja wa Nakuru Athletic, asipoambiwa, atajikuta mpira wa kwanza umempita kichwani akiwa amenyoosha mikono kama anayepokea baraka. Ukienda Kakamega shida ni nyingine. Mvua ya alasiri kule haikuulizi ratiba, na mpira uliolowa huteleza kama kambare.

Kuudaka wenyewe ni ufundi. Ukisimama ukiutazama kifua wazi, ukikuponyoka utaanguka mbele, na hilo ni kosa: wapinzani wanapewa skramu. Kwa hiyo unageuka ubavu kidogo, bega moja mbele, ili ukiteleza uanguke nyuma yako. Unaruka na goti moja limeinuliwa, kwa kujilinda na kwa kupata kimo. Sheria inamlinda aliye hewani, na kumkumba kabla miguu haijagusa chini huweza kumletea mkosaji kadi nyekundu. Hata hivyo siku hizi marefa wametakiwa kuwa wakali zaidi kwa wachezaji wanaomkinga mdakaji wao kwa kujipanga njiani. Tangu mwishoni mwa 2024 tumeona wazi matokeo yake: mipira ya juu ni mingi, na anayeruka hana tena ukuta wa marafiki mbele yake.

Anayedaka vizuri ndani ya mita 22 zake mpira uliopigwa na mpinzani anaweza kupiga kelele "Maki!" Mchezo unasimama, naye anapewa mkwaju huru. Kwa kawaida anaupiga mpira mbali na wote wanapumua. Tarehe 15 Oktoba 2023, katika robo fainali ya Kombe la Dunia jijini Paris, Damian Willemse wa Afrika Kusini aliita maki, halafu akaashiria kwa mikono kwamba anataka skramu. Watu walibaki wameduwaa. Nani anaomba kusukumana akiwa karibu na mlango wake mwenyewe? Lakini alijua wanane wake wana nguvu kuliko wa Ufaransa, na aliamua papo hapo. Afrika Kusini walishinda 29 kwa 28, na wakaenda kutwaa kombe. Kuanzia Julai 2024 sheria ilibadilishwa, na sasa mkwaju huru haubadilishwi tena kuwa skramu. Ukitaka kujua akili ya namba 15 ina uzito gani, tazama uamuzi ule wa sekunde chache.

Siku mbaya ikifika

Kila namba 15 ana siku yake. Ya Mike Catt wa Uingereza ilikuwa tarehe 18 Juni 1995, Cape Town, nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya New Zealand. Mechi ilikuwa changa kabisa Jonah Lomu, winga wa miaka 20 mwenye mwili wa mmoja wa wale wanane wa mbele, alipowaponyoka waliojaribu kumshika akabakiza mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Catt. Lomu hakumkwepa. Alimpitia juu, akaweka trai. Siku hiyo alifunga trai nne na Uingereza wakalala 45 kwa 29. Picha ile ya mtu aliyekanyagwa imeoneshwa mara nyingi kiasi kwamba wapo wanaomjua Catt kwa sekunde zile tu.

Wanachosahau ni kilichofuata. Catt alicheza miaka mingine kumi na mitano. Alihamia nafasi za ndani zaidi, namba 10 na 12. Mwaka 2003 alikuwa kwenye timu iliyotwaa Kombe la Dunia, na mwaka 2007, akiwa na miaka 36, alianza fainali nyingine. Hapo ndipo jibu la akina mama wa chama linapoanzia, lile la kuisha ukiwa na miaka ishirini na mitano. Fulubeki hutegemea miguu na macho. Miguu hushuka polepole baada ya miaka ishirini na minane hivi. Macho, yaani kule kusoma mchezo, huendelea kupanda. Kwa muda mrefu kimoja hufidia kingine, na kwa kuwa amezoea kupiga teke, kudaka na kukabili, ana mahali pengine pa kuhamia.

Percy Montgomery wa Afrika Kusini alipitia njia hiyo akielekea upande wa pili. Aliingia timu ya taifa mwaka 1997 akiwa namba 13, dhidi ya British and Irish Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Wales, Scotland na Ireland, katika mechi waliyopoteza 18 kwa 15 mjini Durban. Walifunga trai nyingi kuliko wageni lakini mikwaju yao ya goli ilikataa kuingia, na yeye alikuwa mmoja wa waliokosa. Baadaye akahamia Wales kuchezea Newport. Miaka kumi baada ya ile ya Durban, akiwa fulubeki, aliongoza Kombe la Dunia la 2007 kwa kufunga pointi 105, na Afrika Kusini wakatwaa taji. Mwaka 2008 akawa Springbok, yaani mchezaji wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, wa kwanza kufikisha mechi 100. Alistaafu timu ya taifa akiwa na mechi 102 na pointi 893. Mbio alikuwa nazo, sawa, lakini pointi 893 hazikutoka kwenye mbio.

Magoti mabovu nayo si hadithi. Leigh Halfpenny wa Wales aliumia goti katika mechi ya kujipima nguvu dhidi ya Italia, Septemba 2015, chini ya wiki mbili kabla ya Kombe la Dunia, akalikosa lote. Miaka mitatu baadaye akapata mtikiso wa ubongo uliomweka nje kwa miezi. Hata hivyo alirudi mara zote mbili na kumaliza na mechi 101 za Wales. Alikuwa na madaktari wa kulipwa, wataalamu wa viungo, na klabu iliyoendelea kumlipa akiwa kitandani. Hicho ndicho kinachotofautisha jeraha la Cardiff na jeraha la Kakamega. Katika mechi kubwa, mchezaji anayeshukiwa kuumia kichwa hutolewa na kupimwa kwa dakika 12, na asipofaulu harudi. Kwenye viwanja vyetu vingi hakuna wa kumpima. Hapo agizo ni moja tu: ukishuku, mtoe, na siku hiyo asirudi, hata kama analia. Namba 15 yuko hatarini hasa kwa sababu anadaka akiwa ametazama juu huku wanaomjia wakitazama mbele.

Kulipwa maana yake nini

Tarehe 26 Agosti 1995, wiki kumi hivi baada ya Catt kukanyagwa, baraza la raga la kimataifa lilitangaza jijini Paris kwamba mchezo uko huru na wachezaji wanaweza kulipwa. Kabla ya hapo raga ya wachezaji 15 ilikuwa ya ridhaa kwa sheria. JPR Williams, fulubeki wa Wales aliyetisha miaka ya sabini, alikuwa daktari, na baadaye akawa mpasuaji wa mifupa. Watu walitania kwamba wikendi anavunja mifupa, Jumatatu anaiunganisha.

Lakini tangazo lile liliondoa katazo. Halikuweka pesa mfukoni mwa mtu. Hapo ndipo waliomwambia mama "kama ya Ulaya" walipoteleza. Ufaransa wana ligi ya Top 14, Uingereza wana ligi yao kuu, Japani wana League One, na kuna ligi inayounganisha timu za Ireland, Wales, Scotland, Italia na Afrika Kusini. Huko kijana huingia chuo cha klabu akiwa na miaka kama kumi na minane, akapewa kandarasi ya mwaka mmoja, miwili au mitatu. Ikiisha anaanza kutafuta upya. Willie le Roux, fulubeki aliyeshinda Kombe la Dunia mara mbili na Afrika Kusini, 2019 na 2023, amechezea vilabu vya nyumbani kwao, vya Uingereza na vya Japani. Ni maisha ya kufungasha virago, kama mfanyakazi wa mjengo anayefuata jengo linalofuata. Na hata Ulaya paa huanguka. Worcester na Wasps, ambayo Le Roux aliwahi kuichezea, ziliporomoka kifedha mwaka 2022, London Irish ikafuata 2023. Wachezaji wenye kandarasi halali waliamka hawana mwajiri.

Kwetu sura ni nyingine. Kabras ya Kakamega inasimama kwa pesa ya sukari, Menengai Oilers hapa Nakuru kwa pesa ya mafuta ya kupikia, KCB kwa pesa ya benki. Vilabu vingine vinaishi kwa wanachama, marafiki na harambee. Nakuru RFC, Wanyore wenyewe, walitwaa Kenya Cup 2013 na 2014, na Kabras wakaichukua mara ya kwanza 2016. Usidhani magharibi ni pembeni mwa mchezo huu. Kabras imeweza hata kuvuta wachezaji kutoka nje, akiwamo Mganda Philip Wokorach, fulubeki wa timu ya taifa ya Uganda. Ila mchezaji wa kawaida wa ligi yetu ana kazi nyingine au anasoma, na anachopata klabuni mara nyingi ni marupurupu na nauli. Wengine raga imewapa ajira ofisini, wengine karo ya chuo. Hayo ni malipo pia, na si madogo, bora tu usiyaite mshahara wa Toulouse.

Ndiyo maana nilimwambia jirani asiulize kwanza "watamlipa ngapi". Aulize nani atalipa hospitali akivunjika. Aulize ni kwa muda gani, na kama kuna karatasi iliyotiwa sahihi ama ni maneno ya kocha tu. Na kama mazoezi yataingiliana na masomo, nani ataongea na chuo. Kocha anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Ile ya saba kila upande je?

Hapa kijana aliacha mlango akaja kukaa. Yeye alitamba kwenye mashindano ya Prinsloo hapa Nakuru na Dala kule Kisumu akiwa na timu ya mtaa, na mashabiki wakamwimba. Lakini hizo ni raga za wachezaji saba. Uwanja ni ule ule, watu wamepungua zaidi ya nusu, na mechi ni dakika 14. Nafasi ni nyingi, mbio ni mali, na hakuna fulubeki rasmi. Kuna tu mtu anayebaki nyuma kufagia. Kenya ina jina kubwa huko: Shujaa, timu yetu ya taifa ya saba, waliilaza Fiji 30 kwa 7 kwenye fainali ya Singapore mwaka 2016, na wachezaji wa kikosi hicho wamekuwa na kandarasi za chama cha raga. Timu ya wachezaji 15, Simbas, bado haijawahi kufika Kombe la Dunia. Mwaka 2022 ilibakiza mechi moja, fainali ya Afrika nchini Ufaransa, ikafungwa na Namibia 36 bila. Kwa hiyo kijana wa Kenya akionekana na wageni, mara nyingi huonekana kwa macho ya saba.

Aliyezoea saba akiwekwa namba 15 anashangaa kwamba nafasi aliyokuwa akikimbilia haipo. Kuna ukuta wa watu kumi na wawili au kumi na watatu mbele yake. Mara nyingi uamuzi sahihi ni kuupiga mpira na kurudi kusimama, na hapo mashabiki hawaimbi. Nilimwambia waziwazi kwamba mbio zake ndizo zilizomfungulia mlango, ila kocha hatamwacha ndani kwa ajili yake. Atahitaji mguu wa kupiga mita arobaini akiwa amechoka, na mguu wa pili usiwe gogo. Darwin Mukidza wa KCB, aliyebeba mikwaju ya Simbas miaka mingi, amecheza namba 15 na 10 pia. Kocha anampenda mtu wa namna hiyo kwa sababu kiti kimoja cha akiba kinafunika nafasi mbili.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda watatu Nakuru Athletic, mama akiwa na mwavuli na karanga za kuchemsha. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba kwa nusu ya kwanza asitazame mpira. Amtazame mtu wa jezi namba 15 wa wageni, basi. Dakika za mwanzo alilalamika kwamba haoni chochote, kwamba yule kijana anatembeatembea tu kama anatafuta shilingi iliyomwangukia. Nikanyamaza. Flaihafu wetu akapokea mpira karibu na katikati, na kabla sijageuza shingo mama akanishika mkono.

"Mwalimu," akasema, "mbona huyu ameanza kukimbia na mpira bado haujapigwa?"